Panga moja kwa ua, matawi na kuni: ninunue lipi?

"Shikamoo mtaalamu. Nina shamba la ekari 2 huku milimani: kahawa na migomba ndani, ua wa michongoma kuzunguka, na mstari wa mikaratusi na migrevilea mpakani. Kazi zangu za panga ni tatu: kusawazisha ua, kupogoa matawi na kutema kuni za jikoni. Nina panga jembamba la dukani, inchi 18. Uani linakata vizuri, ila nikipiga kuni kavu za mkaratusi makali yanakunjika kama bati, na kiganja kinakufa ganzi mpaka jioni. Fundi wa grenda ananinolea kila baada ya wiki 2, lakini makali hayamalizi siku 2. Jirani ananishauri ninunue panga zito la springi ya gari. Mdogo wangu kanionyesha mtandaoni kisu kikubwa cha Nepal kilichopinda, anasema kinafanya kazi ya shoka. Pesa yangu ni ya kununua kitu kimoja cha maana. Ninunue lipi?"

Marahaba. Nimekuelewa hivi: unataka chombo kimoja kifanye kazi tatu, na ulichonacho kinaiweza moja tu. Jibu nalitanguliza ili usisome ukiwa na wasiwasi. Springi iache, kisu cha Nepal nacho kiache. Nunua panga la tumbo, yaani lile ambalo bapa lake linapanuka kadiri linavyokaribia ncha, urefu wa inchi 16, unene wa milimita 2.5 hadi 3 mgongoni. Hilo bei yake ni ya kawaida, na pesa itakayobaki itie kwenye msumeno, kwa sababu kazi mojawapo kati ya zako tatu haikupaswa kabisa kuwa ya panga. Hilo jembamba usilitupe. Lakini kabla hujakwenda dukani, tuangalie kinachokunja makali yako, maana usipokijua, hata panga la bei kubwa litakunjika vilevile.

Watu wengi makali yakikunjika husema chuma ni kibovu. Mara nyingi si kweli. Mapanga ya viwandani yanayofika kwetu, kama ya Tramontina ya Brazili au yale yenye alama ya mamba ya Martindale ya Uingereza, ni ya chuma cha kaboni ambacho kwa makusudi hakikugumishwa kufikia ugumu wa kisu kizuri cha jikoni. Chuma kigumu sana hutunza makali, lakini kikikutana na kifundo cha mti au jiwe kinameguka, na kile kipande hurukia popote, pamoja na jicho lako. Chuma kilicho laini kidogo hukunjika badala ya kumeguka, na mkunjo huondolewa kwa tupa kwa dakika 10. Kwa hiyo panga linalokunjika kidogo likitendewa vibaya limetengenezwa sawasawa. Swali ni kwa nini linatendewa vibaya.

Makali ya panga ni kabari. Kabari nyembamba inaingia kwa urahisi, lakini nyuma ya ukingo wake hakuna nyama ya kuushikilia. Kwa nyasi na vichipukizi, pembe ya nyuzi 15 kila upande inatosha na inakata kama wembe. Kwa matawi mabichi unahitaji nyuzi 20 hivi. Kwa mkaratusi uliokauka juani miezi kadhaa, chini ya nyuzi 25 kila upande unajisumbua bure: ukingo unazama milimita chache, unakutana na nyuzi za mti zilizokaza kama mfupa, unalala upande. Fundi wako wa grenda, ili panga lionekane limenoleka, analilaza jiwe bapani na kukuachia ukingo mwembamba sana. Ndiyo maana siku ya kwanza linanyoa na siku ya pili halikati.

Grenda ina madhara mengine mabaya zaidi. Ukingo wa makali ni mwembamba, hauna pa kupeleka joto. Ukiona mstari wa rangi ya bluu pembeni mwa makali baada ya kunolewa, chuma pale kimefika karibu nyuzi 300 za joto, na kikipita hapo kwenda kijivu kimelegea kabisa. Hakuna kinoo kitakachorudisha ugumu huo. Dawa yake ni kuondoa sehemu iliyoungua kwa tupa, milimita 1 au 2, mpaka ufikie chuma kizima. Utajua umefika kwa mkono: pale palipoungua tupa inazama na kuvuta kama inakata risasi, kwenye chuma kizima inashika lakini inapingwa. Lifanyie panga lako hilo jembamba wiki hii. Lichukue nje, elekeza makali juu, litazame kwenye jua. Ukingo mkali hauonekani, hauna upana wa kurudisha mwanga. Popote unapoona uzi unaong'aa kama fedha, pale pamelala au pamekuwa butu.

Jambo la tatu linalokunja makali ni namna unavyolichomoa. Panga likikwama kwenye gogo, mkono wa kila mtu unataka kulitikisa kushoto na kulia. Mtikiso huo ndio unaolaza ukingo, hata kama pigo lenyewe lilikuwa zuri. Panga lililokwama litolewe kwa kuinua na kushusha mpini katika mstari uleule wa mkato, kama unavyopampu maji, likilegea ulivute. Likigoma, geuza gogo na upige upande wa pili mpaka mkato ufunguke.

Sasa ganzi ya kiganja. Kila panga lina mahali pake pa pigo. Ukipiga mti kwa sehemu hiyo, nguvu yote inaingia kwenye mti. Ukipiga karibu mno na mpini au kwa ncha kabisa, sehemu ya nguvu inarudi kama mtetemo kwenye mfupa wa mkono. Kupatafuta ni rahisi: ning'iniza panga kwa vidole 2 vilivyoshika mwisho wa mpini, bila kukaza, kisha gonga mgongo wake kwa kijiti ukianzia nchani kushuka, sentimita 2 kwa 2. Mpini utatetemeka vidoleni kila mahali isipokuwa sehemu moja ambapo utatulia. Mara nyingi ni karibu theluthi moja ya bapa kutoka nchani. Weka alama ya chaki mgongoni, na kwa siku chache za kwanza lenga kugonga hapo. Kwenye panga jembamba lenye upana uleule toka mpini hadi ncha, mahali hapo ni padogo na kasoro kidogo tu mkono unalia. Kwenye panga la tumbo, uzito ulioko mbele unapasogeza karibu na ncha, pale ambapo kasi ni kubwa. Hii ndiyo sababu ya kwanza kulichagua.

Ya pili ni uzito, na hapa ndipo jirani yako ana nusu ya ukweli. Piga hesabu nami. Chuma cha sentimita 1 ya ujazo kina karibu gramu 7.85. Bapa la urefu wa sentimita 40 na upana wa wastani wa sentimita 6, likiwa na unene wa milimita 2, lina gramu 375 hivi. Lifanye milimita 3, linafika gramu 565. Lifanye springi ya milimita 6 ambayo haikupunguzwa, linapita kilo 1 na gramu 100 kabla hujaweka mpini. Nguvu ya pigo huongezeka sambamba na uzito, lakini kwa kasi huongezeka kwa mraba: uzito maradufu ni pigo mara 2, kasi maradufu ni pigo mara 4. Mkono wako una nguvu yake, na ukiupa kilo nzima hauwezi kuizungusha kwa kasi ileile. Kwa mapigo 20 ya mwanzo panga la springi litakufurahisha sana. Ua wa michongoma unataka mapigo mamia, na bega lililochoka huanza kukosea shabaha. Panga likikosea shabaha linakwenda mguuni.

Springi yenyewe si chuma kibaya. Ina kaboni ya kutosha, karibu asilimia 0.6, na mara nyingi kromu kidogo, na mhunzi anayeijua hutoa panga la kurithisha. Shida ni kwamba springi iliyotolewa kwenye gari imeshachoka. Huenda ina nyufa nyembamba kama unywele ambazo zitafunguka siku ya kugonga kifundo. Tena, kuifua ni kuifuta ugumu wake wa zamani, hivyo ubora wote unategemea jinsi ilivyogumishwa upya. Ukiwa kwa mhunzi, awe wa Gerezani, wa Kamukunji au wa sokoni kwenu, muulize anaipashaje moto na anaizamisha kwenye nini. Anayejua atakwambia anaipasha mpaka sumaku isiishike na kidogo zaidi, anaizamisha kwenye mafuta, wala si kwenye maji baridi, kisha anairudishia moto mdogo ili isivunjike kama kioo. Akikwambia ameikata kwa grenda na kuitia makali basi, hujui unanunua nini. Na hata aliyeitengeneza vizuri, mwombe aipunguze kuelekea makali. Springi yenye unene uleule toka mgongo hadi karibu na ukingo haikati, inaponda.

Kisu alichokuonyesha mdogo wako kinaitwa kukuri. Ni chombo cha heshima, na si uongo kwamba kinafanya kazi ya shoka dogo. Bapa lake kwa kawaida ni sentimita 25 hadi 30, mgongo una unene wa milimita 7 hadi 10, na lile pindo la kwenda mbele lina maana: uzito uko mbele ya mkono, na makali yanaukuta mti yakiwa yameinama, yanakata kwa kuteleza badala ya kugonga bapa kwa bapa. Wahunzi wa Nepal huyagumisha makali peke yake kwa kumimina maji toka kwenye birika juu ya ukingo uliowiva motoni, mgongo ukabaki laini usivunjike. Lakini kwako kina kasoro mbili. Ni kifupi, kwenye ua wa michongoma mkono wako utakuwa ndani ya miiba kila pigo. Na makali yaliyojikunja kwa ndani hayanoleki kwenye kinoo cha bapa, yanataka kijiti cha duara kilichofungwa msasa na subira. Mtu anayechanja vijiti vya moto kambini kitamfaa sana. Mwenye mita 300 za ua atakijutia. Jihadhari pia na vile vya kung'aa vya mapambo, na panga lolote lenye meno ya msumeno mgongoni: meno hayo hayakati mti wa maana, na siku unapotaka kukandamiza mgongo kwa kiganja cha pili yatakuchana.

Kuna pia sime, ambayo watu wengine huitumia shambani. Ina makali pande mbili, huwezi kushika mgongo wala kuugonga, na ikirudi inarudi na makali. Kwa kutema mti siishauri.

Kwa ua peke yake, mundu mzito wenye ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku ni mzuri kuliko panga lolote, kwani unavuta tawi badala ya kulisukuma. Ukiukuta kwa bei ndogo uchukue. Usipoukuta, panga lako jembamba la inchi 18 linatosha, na hii ndiyo sababu nilisema usilitupe: linafika mbali, ni jepesi, na kichipukizi kibichi kisichozidi unene wa kidole gumba kinakatika kwa kasi peke yake. Mkono wa kushoto ushike ngoe ya mita 1 ya kuvutia matawi. Usiyashike kwa vidole. Piga kutoka chini kwenda juu, ukifuata matawi yanavyokua, hapo yanakatika safi. Ukipiga kutoka juu kwenda chini yanainama na kuchanika.

Sasa kuni, na hapa ndipo nitakuokolea pesa kuliko popote. Unapiga mkaratusi uliokauka. Geuza utaratibu. Mkaratusi hupasuka vizuri ukiwa mbichi, na ukikauka nyuzi zake hujikaza na kupindana mpaka unakuwa adui wa kila chombo. Ukiangusha tawi au mti, ukate vipande vya sentimita 35 hadi 40 kwa msumeno siku hiyohiyo, na uvipasue ndani ya siku chache, kisha vipange juani vikaukie vikiwa vimeshapasuka. Vitakauka haraka zaidi pia, kwa sababu unyevu hutoka kwa urahisi kwenye uso uliopasuliwa kuliko kupitia gome. Msumeno wa kufaa ni ule wa fremu ya upinde, wenye utepe wa meno wa inchi 21 au 24. Kipande cha unene wa sentimita 15 ambacho kwa panga kitakuchosha na kutupa chini rundo la vibanzi, msumeno huo unakimaliza bila kelele, na hakuna kuni iliyopotea.

Vipande vyembamba, visivyozidi sentimita 8, panga la tumbo litavipasua bila kuvipiga kwa nguvu. Simamisha kipande juu ya gogo pana, weka makali katikati ya kichwa chake, kisha gonga mgongo wa panga kwa kipande kingine cha mti. Kipande cha mti, nasisitiza. Nyundo ya chuma na jiwe vinaumua mgongo na kupasua chuma. Vinavyozidi hapo vinataka shoka. Hakuna panga, hata la springi, linalopasua kama shoka la kichwa cha kilo 1.5, kwa sababu shoka ni kabari nene inayosukuma pande mbili, na panga ni bapa linaloingia na kubanwa.

Tawi likikulazimu ulikate kwa panga, usilipige kwa kukingama. Nyuzi za mti ni kama mafungu ya mirija. Ukizigonga kwa pembe ya mraba zote zinapinga kwa pamoja. Piga kwa mwinamo wa nyuzi 45, mara moja kutoka kushoto, mara moja kutoka kulia, ili kibanzi kitoke katikati na pabaki umbo la V. Upana wa V hiyo juu uwe karibu sawa na unene wa tawi. Ukiufanya mwembamba, panga litabanwa kabla hujafika katikati.

Kupogoa ndiko kazi niliyotaka uiondoe kwenye panga. Vichipukizi vyembamba sawa, lakini tawi lililo nene kuliko kifundo cha mkono wako lisiguswe na panga, hasa la mti unaoutaka uishi. Panga huacha kisiki kilichopondeka na gome lililochanika, na maji na kuvu huingia hapo. Tumia msumeno, mikato 3. Wa kwanza kutoka chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye shina, ingia theluthi ya unene. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi linaanguka bila kuchuna gome hadi shinani. Wa tatu ondoa kisiki, ukikata nje tu ya ule uvimbe unaozunguka tawi linapotokea. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda, usiukate wala usiuachie kisiki kirefu. Kwa kahawa ni hivyohivyo: matawi membamba kwa mkasi wa kupogolea, na ukifufua mbuni mzee kwa kuukata chini, uache kisiki cha sentimita 30 hadi 45, mkato uwe umeinama ili maji yateremke. Kisiki cha kahawa kilichopigwa panga hupasuka kushuka chini, na machipukizi yake hubaki dhaifu.

Na kwa kuwa una migomba, hili lisikupite. Mnyauko bakteria wa migomba, uliotambuliwa Uganda mwaka 2001 na baadaye kuenea hadi Kongo, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanzania, husafiri kwenye makali ya panga. Utomvu wa mgomba mgonjwa ukibaki kwenye bapa, mgomba unaofuata umeuambukiza kwa mkono wako. Ukitoka kwenye shina moja kwenda lingine, pitisha bapa juu ya moto mpaka lipate joto la kutoshikika, au lichovye kwenye mchanganyiko wa kikombe 1 cha dawa ya klorini ya kufulia na vikombe 5 vya maji. Klorini inakula chuma, kwa hiyo jioni lisuuze, likaushe, lipake mafuta ya cherehani. Panga la migomba ni vema liwe la migomba peke yake. Hilo jembamba laweza kubeba kazi hiyo pia.

Ukifika dukani usichague kwa rangi wala kibandiko. Shika panga kama bunduki, tazama kwa jicho moja kwenye mstari wa makali kutoka mpini: lisiwe limepinda wala kujisokota. Kandamiza ncha kwenye ubao mpaka bapa lijikunje sentimita 5 hivi katikati, liachie. Likirudi likanyooka ni zuri. Likibaki na upinde, lirudishe. Ligonge kwa ukucha likiwa limening'inia: chuma kizima kinalia kwa muda, chenye ufa kinatoa mlio uliokufa. Mpini uangalie kwa makini zaidi kuliko bapa. Chuma kipite mpaka mwisho wa mpini, kionekane juu na chini kati ya vipande viwili vya mti au plastiki, kishikiliwe na ribiti 3 zisizocheza. Unene wake uwe wa kuruhusu ncha za vidole kuugusa kidogo msingi wa kiganja unaposhika. Mpini mwembamba unakulazimisha kukaza, na kukaza ndiko sehemu ya ganzi yako. Ukiwa mwembamba uvishe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko 2, ukiuvuta ukaze.

Panga jipya haliji na makali ya kazi. Kiwanda kimeanza tu. Libane kwenye jiriwa, au kati ya misumari kwenye gogo, makali yakiwa upande wa pili wa kifua chako. Tupa ya bapa ya inchi 10 yenye mpini, glovu mkononi. Sukuma mbele tu, usirudi nayo ikiwa imegandamizwa, maana kurudi kunavunja meno ya tupa. Pembe usiikisie. Kwa bapa la upana wa sentimita 6 ukilinoa kwenye jiwe, mgongo ukiinuka sentimita 2 kutoka juu ya jiwe ni nyuzi 20 karibu kamili, na ukiinuka sentimita 2.5 ni nyuzi 25. Kata kipande cha mti cha unene huo, kiweke chini ya mgongo mara chache mpaka mkono uzoee. Theluthi ya mbele, ile ya mapigo, ipe nyuzi 25. Katikati nyuzi 20. Sentimita 10 za karibu na mpini, unazochongea vigingi, waweza kushuka hadi nyuzi 15. Panga moja, makali ya aina tatu. Hivi ndivyo chombo kimoja kinavyoweza kazi zako bila kukunjika. Endelea upande mmoja mpaka kucha ihisi ukingo unaokwaruza upande wa pili, kwa urefu wote, kisha hamia huko. Malizia kwa kinoo chenye maji, mapito 10 kila upande, mepesi. Baada ya hapo tupa utaihitaji mara chache. Kinoo dakika 5 kila unapomaliza kazi kinatosha. Na panga lisiguse udongo. Pigo moja mchangani linaua makali kuliko asubuhi nzima ya kutema.

Unapofanya kazi, zungusha mkono na panga polepole kote ulikosimama kabla ya pigo la kwanza. Chochote kinachogusika, tawi au mtoto, kiondolewe. Miguu ikae nyuma ya gogo, na gogo lipokee makali iwapo utakosea. Kinga macho.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Matawi ya mikaratusi yaliyokaribia nyaya za umeme usiyaguse, hata kwa msumeno wenye mpini mrefu. Waite watu wa shirika la umeme. Tawi kubwa lililoinamia nyumba au njia mpe mtu mwenye kamba na uzoefu. Migomba ikionyesha majani yanayonyauka huku mikungu inaiva kabla ya wakati, mwite afisa ugani kabla hujakata kitu. Panga lenye ufa unaoanzia makalini lipeleke kwa mhunzi akaliangalie, usilinoe ukaendelea. Ganzi ikikuamsha usiku, au vidole vikianza kuangusha vitu, nenda hospitali, usisubiri panga jipya likuponye. Na ukijikata, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuchungulia kwa dakika 10, mkono ukiwa juu. Damu ikiendelea, kidole kikishindwa kujikunja au kujinyoosha, au sehemu ikiwa haihisi mguso, mshipa au kano imeguswa: nenda siku hiyohiyo, na uulizie sindano ya pepopunda hata kama kidonda ni kidogo.

Iwapo duka la kwenu halina la tumbo la inchi 16, chukua la inchi 18 lenye tumbo, mradi mgongo uwe na angalau milimita 2.5, nenda na rula. Na likikosekana kabisa, nunua msumeno kwanza, utie panga lako jembamba nyuzi 25 theluthi ya mbele, upasue kuni zikiwa mbichi. Unaweza kukaa msimu mzima hivyo ukisubiri panga linalokufaa.